Kabla ya Kupanda Basi la Kigali

(Muziki wa kipindi. Unapanda, kisha unashuka polepole.)

  Wale mlioko Nyarushishi, mliovuka juzi tu na bado hamjajua mtapelekwa kambi gani, nasema nanyi pia. Mazungumzo ya leo yanaweza kuonekana ya mbali kwenu, lakini msiondoke. Safari ya kwenda nje haianzi uwanja wa ndege wa Kanombe. Inaanza siku ile ya kwanza unapotaja jina lako mezani kwa mwandishi.

Tutasema juu ya maandalizi ya safari ya nje ya nchi: mtu aliyepata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, au anayemfuata mume au mke huko ng'ambo, au kijana anayekwenda kusoma. Tutasema mengi, na mengine tutayapita haraka, kwa sababu mtafundishwa na IOM wakati wenu ukifika. Tutakaa zaidi pale ambapo watu huumia.

Tuanze na jina. Mkongomani ana majina matatu: jina lake, postinomu, na jina la ubatizo. Postinomu ilitokana na siasa ya Mobutu ya mwaka 1972, alipokataza majina ya kizungu na watu wakajazia kwa majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, postinomu nayo ikabaki. Basi leo mtu mmoja ana majina matatu, na kila ofisi inayapanga kwa namna yake. Shuleni mtoto ni hivi, zahanati ni vile, kwenye kadi ya mgao ni namna ya tatu. Ongeza hapo shida ya masikio: wewe unasema Furaha, mwandishi anasikia Fulaha, unasema Riziki, anaandika Liziki. Kambini hakuna anayejali, wote wanakujua kwa jina la mtoto wako wa kwanza. Lakini mashine ya uwanja wa ndege haijui Mama Amani. Inajua herufi tu.

Kwa hiyo chukua karatasi zote za nyumba nzima, zitandike kitandani, uzilinganishe jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Angalia tarehe za kuzaliwa hasa. Wengi waliosema hawajui siku waliandikiwa tarehe 1 Januari, na hilo si kosa, mradi iwe tarehe 1 Januari kila mahali na mwaka uwe mmoja. Ukiona tofauti, nenda kwenye ofisi ya usajili, kwa watu wa HCR na MINEMA, uombe warekebishe, ukiwa na ushahidi ulio nao: karatasi ya kuzaliwa, kadi ya chanjo, buletini ya shule. Fanya sasa. Kosa la herufi moja leo ni mstari wa kusubiri wa asubuhi moja. Kosa hilohilo likionekana tiketi ikiwa imekwisha kutoka, linaweza kuirudisha familia nzima nyuma.

Na ninyi wa Nyarushishi, ndiyo sababu nilisema msiondoke. Msiogope kumwambia mwandishi, kwa heshima, "Naomba nisomee ulivyoandika." Kama hujui kusoma, mwombe kijana wako asimame karibu. Hakuna atakayekufukuza kwa kuuliza hivyo.

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike kwenye jambo zito. Watu wa nyumbani.

Kuna msemo unaozunguka kambini kwamba mtu akiongezeka kwenye dosye, dosye inachelewa. Kwa hiyo afadhali kunyamaza. Msichana ameolewa, anasema bado yuko kwa baba yake. Mama amejifungua, mtoto haandikishwi mpaka "mambo yaishe". Baba ana mtoto aliyemwacha Bukavu kwa bibi yake, hamtaji, akisema moyoni, nikifika huko nitamwita. Ndugu zangu, nawaelewa. Kusubiri miaka kunafanya mtu ahesabu kila siku. Na ni kweli, kuongeza mtu kunaweza kuchelewesha. Lakini sikilizeni kinachofuata.

Mfano ni Canada. Mkimbizi aliyepokelewa kule ana mwaka mmoja tangu siku ya kufika kuomba mke, mume au watoto wanaomtegemea waliobaki wamfuate kwa njia ya haraka iliyowekwa kwa ajili hiyo. Sharti kubwa: awe alimtaja mtu huyo kwenye karatasi zake kabla hajasafiri. Yule usiyemtaja, unaweza kufungiwa mlango wa kumwita baadaye, na utakuwa umeufunga kwa mkono wako. Nchi nyingine zina sheria zao, lakini zote zinalinganisha unachosema leo na ulichosema jana. Kumtaja mtoto aliye mbali hakumaanishi lazima asafiri pamoja nawe. Kunamaanisha tu kwamba serikali ile inajua yupo.

Na kinyume chake ni kibaya vilevile. Kumwingiza mtoto wa jirani akawa "wako", kwa fedha au kwa huruma, kunahesabika kuwa udanganyifu. Kama kweli unamlea yatima, sema hivyo wazi: ni mtoto wa marehemu dada yangu, ninaye tangu mwaka fulani. Wana namna ya kulipima jambo hilo, nao huangalia faida ya mtoto.

Mzee asiyeweza kujitunza, asemwe naye mapema. Usingoje siku ya basi ndipo uulize, "Na mama?" Mama mwenye miaka sabini na mbili, anayechotewa maji na wajukuu wake, akibaki peke yake kambini, kila kitu kinabadilika kwake, hata nani atamwashia mbabula asubuhi. Mtaje kwenye mahojiano. Na ikiamuliwa kwamba atabaki, basi kabla ya kuondoka mwende pamoja, wewe, yeye, na jirani au ndugu atakayemwangalia, mkaonane na wahudumu wanaoshughulikia wazee, ili wamwandike kwamba sasa anaishi peke yake. Usimwachie jirani kwa maneno ya mlangoni.

Wakati huohuo, tuseme la wadanganyifu kwa kifupi. Kuhamishwa na HCR ni bure. Fomu ni bure, mahojiano ni bure, kupimwa ni bure. Mtu yeyote anayetaka fedha "asukume dosye", awe amevaa fulana ya shirika au anakuandikia kwa WhatsApp, ni mwizi. Mwizi huyo mara nyingi anajua jina lako na namba ya dosye yako, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwonyesha karatasi mtu fulani. Usipige picha karatasi zako ukazituma ovyo.

(Muziki mfupi.)

Mnakumbuka Januari 2025. Tarehe 20 mwezi ule, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Amri ilisema ianze tarehe 27, lakini tiketi zilianza kufutwa kabla ya siku hiyo kufika. Watu waliokwisha kupimwa, waliokwisha kufundishwa, wenye siku ya ndege mkononi, waliambiwa wabaki. Katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza vyombo, kufunga biashara na kuwatoa watoto shuleni. Waliamka asubuhi hawana godoro wala safari.

Simkumbushi mtu ili kumtonesha kidonda. Nasema kwa sababu inatufundisha namna ya kufungasha. Kibali si tiketi, na hata tiketi si ndege. Basi mpango wa kuondoka uwe na ngazi. Vitu visivyohitajika kila siku, kama viti vya ziada au baiskeli iliyokufa, viuzwe mapema kama mnataka. Godoro, sufuria, mbabula na bidoni vibaki mpaka siku zile za mwisho kabisa; hivi mtu humpa ndugu au jirani, na mnaweza kukubaliana mbele ya shahidi kwamba mkirudishwa vitarudi. Watoto waendelee na shule mpaka juma la safari. Mwenye kiosko cha sambaza au cherehani aikabidhi kazi kwa mtu badala ya kuivunja, ili kama mambo yakisimama awe na pa kurudi. Nyumba ya kambi haiuzwi, wala mlango wake, wala shitingi yake.

Madeni, hayo yalipeni mapema bila kungoja tiketi. Deni halina hasara likilipwa hata kama safari imefutwa.

Wengine mtaniona ninawavunja moyo. Hapana. Mtu aliyeandaliwa hivi akiitwa kesho anaondoka, na asipoitwa anaendelea kuishi.

Afya. Vipimo vya IOM vina muda wake. Kwa kawaida ni miezi 6, na hupungua kama mtu ana historia ya kifua kikuu. Muda wa mmoja ukiisha, familia nzima hungoja. Kwa hiyo ukiitwa kupimwa, nenda siku hiyohiyo, na usifiche ugonjwa. Kifua kikuu kinatibiwa kwanza, halafu mtu anasafiri, hakifuti dosye. Mama mjamzito aseme mapema, kwa sababu mashirika mengi ya ndege hayakubali mama aliyepita wiki 36, na wa mapacha hukataliwa kabla ya hapo. Chanjo ya homa ya manjano ikishaandikwa kwenye kile kijitabu cha manjano inatosha kwa maisha yote tangu mwaka 2016, lakini kijitabu kikipotea utachomwa tena. Anayetumia dawa kila siku, za sukari, za shinikizo la damu, za kupunguza virusi, aombe kituo cha afya kimpe akiba na karatasi ya daktari. Dawa hizo zikae kwenye mfuko wa mkononi, ndani ya vikopo vyake vyenye maandishi. Usizitie kwenye begi la chini; begi linaweza kupotelea njiani, na dawa ya leo haingoji kesho.

(Muziki mfupi.)

Nalijua jambo hili, maana tuko Rusizi. Ukisimama juu Kamembe unaiona Bukavu kwa macho, ng'ambo ya maji. Jioni unaona taa zake. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu pale, na daraja la Rusizi ya Kwanza si refu. Mtu aliyeambiwa kwamba atasafiri mwezi ujao anasema: siwezi kwenda mwisho wa dunia bila kumwaga baba. Au: diploma yangu iko Kadutu, nitavuka asubuhi, jioni nimerudi.

Ndugu yangu, fikiri mara tatu. Kwanza ni usalama wako. Tangu vita vilipofika Bukavu mwaka 2025, kuvuka asubuhi hakukuhakikishii kurudi jioni. Pili ni dosye yako. Swali moja utakaloulizwa mezani ni kama umewahi kurudi katika nchi uliyoikimbia, lini, na kwa sababu gani. Jibu la kweli litazaa maswali mengine, na jibu la uongo litazaa makubwa zaidi. Vilevile kuhusu karatasi: mkimbizi anaweza kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi, ile inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa mwaka 1951, na Rwanda huitoa. Hati hiyo inakubeba nchi nyingine, si nchi uliyoikimbia. Ukienda kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia, unaweza kuhesabiwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake. Kabla ya hatua yoyote ya namna hiyo, kamuulize mwanasheria anayehudumia kambi yako.

Diploma inaweza kuletwa na ndugu. Baba anaweza kuagwa kwa simu, na kama ana nguvu na njia ni salama, yeye ndiye avuke. Najua si sawa na kumshika mkono.

Sasa mizigo. Kilo zinaandikwa kwenye tiketi, mara nyingi 23 kwa begi moja. Huna mizani? Bidoni ya lita 20 iliyojaa maji ni karibu kilo 21. Inyanyue kwa mkono mmoja, kisha unyanyue begi. Mikono ya mama wa kambini inajua uzito huo kuliko mizani yoyote. Begi likikuzidi kidogo bidoni, simama hapo.

Nyama kavu, maziwa na jibini haviingii nchi nyingi. Ulaya na Marekani huvitupa mbele yako. Mbegu na matunda mabichi vilevile. Mwenye sombe kavu au samaki akubali kuvitaja akiulizwa forodhani, kwa sababu kuficha kunaadhibiwa kuliko kubeba. Kisu, mkasi na wembe visikae kwenye mfuko wa mkononi. Mafuta ya kujipaka na kitu chochote cha majimaji, chupa isizidi mililita 100. Na mifuko ya plastiki iacheni, mnajua Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008. Chukueni vitenge. Kitenge ni nguo, ni blanketi ndani ya ndege, ni mbeleko ya mtoto, na ni kumbukumbu, vyote katika gramu chache.

Mfuko wa IOM wenye karatasi anaubeba mtu mzima mmoja, shingoni au mkononi, mchana na usiku. Bahasha iliyofungwa isifunguliwe; aliyeruhusiwa kuifungua yuko upande wa pili. Andika namba za simu za ndugu kwenye daftari dogo. Simu huzimika, huibiwa, na laini ya hapa huenda isifanye kazi kule.

(Muziki mfupi.)

Nawaomba mtulie kwa habari ya saa. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Siku yake inaanza usiku wa manane na kwenda mpaka 24. Ikiandikwa 08:00 ni saa 2 asubuhi. 14:00 ni saa 8 mchana. 20:00 ni saa 2 usiku. Kuanzia 07:00, ondoa 6, utapata saa yetu. Ikizidi 12, ondoa 12 tena. Hatari kubwa iko usiku. Tiketi inayosema tarehe 15, saa 01:30, ni saa 7 na nusu usiku. Sisi tungesema usiku wa tarehe 14, kwa sababu kwetu tarehe 15 inaanza jua likichomoza. Mtu anayengoja jioni ya tarehe 15 atakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kama unasafiri na IOM watakuchukua wao, lakini anayejisafirisha, kwenda masomoni au kumfuata mume, hana wa kumgongea mlango. Ukipita Addis Ababa, kumbuka wako mbele yetu kwa saa moja. Waethiopia nyumbani kwao huhesabu saa kama sisi, jambo linalofurahisha, lakini ubao wa uwanja wa ndege hauhesabu hivyo.

Barabara ya kutoka Rusizi kwenda Kigali kupitia msitu wa Nyungwe ni ya kona na baridi. Kuleni kidogo asubuhi hiyo, wavikeni watoto sweta, na kaeni na kimfuko cha karatasi kwa anayetapika. Wengi huumwa Nyungwe kuliko angani. Ndani ya ndege, wakati wa kupanda na kushuka masikio huziba: meza mate, piga miayo, na mtoto mchanga apewe ziwa muda huo.

Mwisho ni fedha za tiketi. Wengi hudhani ni zawadi. Kwa waliokwenda Marekani kwa mpango wa wakimbizi ilikuwa mkopo wa IOM usio na riba, na malipo huanza miezi 6 baada ya kufika. Canada nayo hukopesha wengi, bila riba tangu mwaka 2018, na malipo huanza baada ya mwaka mmoja. Soma, au usomewe, kabla ya kutia sahihi. Uliza kila mwezi ni kiasi gani, na nani katika familia amesainishwa. Kijana aliyetimiza miaka 18 anaweza kuwa na sahihi yake na deni lake. Wale mliotangulia, mkipiga simu huku, waambieni wadogo zenu habari hii pamoja na zile picha za theluji.

Juma lijalo, saa hiihii, tutakuwa na swali la mama mmoja wa Kiziba kuhusu vyeti vya shule vya watoto. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sauti kwa ajili ya jirani asiyejua kusoma, asante. Ile sehemu ya saa, msomee mara mbili.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)